Nikifunga Video, Sijui Pa Kuanzia

Toleo lililopita niliwaomba wasomaji wanaoanza kabisa kujifunza kuandika programu walete maswali yao. Yamekuja mengi kuliko ukurasa huu unavyoweza kubeba, kwa hiyo yanayofanana nimeyajibu pamoja, na majina mtakayoyaona ni yale ya utani mliyojipa wenyewe. Kwa msionifahamu: mchana kazi yangu ni kusoma programu zilizoandikwa na wengine na kutafuta zimeharibikia wapi. Jioni nafundisha watu wazima ambao hawajawahi kuandika hata mstari mmoja. Mkiniona mkali mahali fulani, ni mazoea ya darasani.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni muuguzi, umri wangu miaka 34. Najifunza Python, ile lugha ya kuandikia programu, kwa video nikitoka zamu. Nikitazama naelewa kila kitu. Mwenye video akiandika mstari nami naandika, na programu inakwenda bila shida. Taabu inaanza nikifunga video. Nafungua faili jipya, na hata mstari wa kwanza hauji. Nakaa tu. Au ndiyo kusema kichwa changu hakifai kwa kazi hii? — Muuguzi wa Zamu

JIBU: Marahaba. Kichwa chako kizima, ila mafunzo yamekupunja. Kabla hajawasha kamera, yule mwenye video alikwishalitafakari tatizo, akajaribu, akakwama, akafuta, akapata njia. Ndipo akaanza kurekodi. Unachokiona wewe ni mtu anayenakili jibu lake mwenyewe kwa ufasaha. Ukiandika sambamba naye, unazoeza vidole tu.

Mwaka 1945 mwanahisabati mmoja mzaliwa wa Hungaria, George Pólya, aligawa kazi ya kutatua tatizo katika hatua nne: kulielewa, kupanga njia, kuifuata njia hiyo, na mwisho kurudi kulikagua jibu. Alikuwa akizungumzia hesabu, lakini walimu wa programu tumezichukua hatua zake kama zilivyo. Zipitie, kisha uniambie video imekupa ipi. Imekupa ya tatu peke yake. Ya kwanza na ya pili zimefanyika kabla hujafika, na ya nne ilikatwa wakati wa kuhariri.

Basi tufanye zoezi moja lenye hatua zote nne. Chukua karatasi na kalamu. Kompyuta izime, sitanii. Kazi ni hii: mtu anataja mwaka, programu inasema Februari ya mwaka huo ina siku ngapi.

Usiwaze msimbo, yaani mistari ya programu, kwanza. Jiulize wewe unajuaje. 2024 ilikuwa na siku 29, na 2023 ilikuwa na 28. Wanafunzi wangu hujibu upesi kwamba ni kila baada ya miaka minne. Sawa, lakini ukitajiwa 2023 peke yake, hujaambiwa uanzie kuhesabu wapi, utajuaje kwamba si zamu yake? Hapo darasa hunyamaza, nami nawaacha wanyamaze, kwa sababu ndiyo mara yao ya kwanza kufanya kazi ya programu hasa. Baada ya muda atatokea mmoja aseme: gawanya mwaka kwa 4, pasipobaki kitu, siku ni 29. Vizuri sana. Sentensi hiyo anaweza kuifuata hata mtu asiyejua kalenda ni kitu gani, na kompyuta ndiyo mtu wa namna hiyo.

Sasa ijaribu sentensi yako kwa mwaka 1900. Unagawanyika kwa 4 bila baki, kwa hiyo kwa kanuni yako Februari ilikuwa na siku 29. Haikuwa nazo. Ilikuwa na 28. Mwaka wa jua ni siku 365.2422 hivi, na kanuni ya kila miaka minne inaufanya uwe 365.25, yaani unazidi kwa dakika kama 11. Dakika hizo zikilimbikizwa kwa miaka 128 hivi zinakuwa siku nzima. Ndiyo sababu kalenda ya Gregori, iliyoanza kutumika 1582, iliongeza masharti mawili: mwaka unaogawanyika kwa 100 haupewi siku ya ziada, isipokuwa ule unaogawanyika pia kwa 400. Kwa hiyo 2000 ilikuwa na 29, na 2100 itakuwa na 28.

Una masharti matatu sasa. Yaandike kwa mfuatano, na hapo utagundua kwamba mfuatano wenyewe ni sehemu ya jibu. Ukiuliza habari ya 4 kwanza na kuishia hapo, 1900 inapita mlangoni kabla ya habari ya 100 kuulizwa. Ukianza na sharti lililo finyu kuliko yote, mambo yanakaa sawa. Mwaka unagawanyika kwa 400? Siku 29, umemaliza. Kama sivyo, unagawanyika kwa 100? Siku 28, umemaliza. Kama sivyo, unagawanyika kwa 4? Siku 29. La sivyo, 28.

Hayo ni Kiswahili kitupu, lakini programu imekwisha. Sasa washa kompyuta:

mwaka = int(input("Mwaka gani? "))
if mwaka % 400 == 0:
    print(29)
elif mwaka % 100 == 0:
    print(28)
elif mwaka % 4 == 0:
    print(29)
else:
    print(28)

Alama ya % inakupa baki la mgawanyo, na == inauliza kama pande mbili ni sawa. Yaliyosalia unayajua kutoka kwenye video. Hatua ya nne: iendeshe kwa 2000, kisha 1900, kisha 2024, kisha 2023. Sikuiteua miaka hiyo kwa bahati. Kila mmoja unapita kwenye tawi lake, kwa hiyo kukiwa na tawi bovu litajulikana. Ukijaribu 2020, 2024 na 2028 ukafurahi, umejaribu tawi moja mara tatu.

Kuanzia leo tazama video mpaka pale kazi inapotajwa, kisha simamisha. Fanya kwa kalamu. Ukikwama kabisa, tazama kidogo, simamisha tena. Kesho yake fungua faili tupu uiandike programu ileile bila kuchungulia. Utaiona inakera, na haina mvuto wa kitu kipya, lakini sijaona njia nyingine inayomtoa mtu pale ulipo. Isitoshe, kazini kwako kila siku unafuata utaratibu wa "mgonjwa akiwa na dalili hii fanya hivi, la sivyo pima kile kwanza." Wewe tayari unafikiri kwa if na else. Wahandisi wengi hawakuanza na mtaji huo.

SWALI: Hesabu niliziacha sekondari na sina hamu ya kurudiana nazo. Nitaweza kweli? — Aliyekimbia Hesabu

JIBU: Inategemea unaelekea wapi. Kwa programu za kawaida, za kupanga taarifa, kutuma fomu, kutoa ripoti, utahitaji kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya na kulijua baki. Zaidi ya hapo utahitaji kufikiri kwa "na", "au" na "si": mtu ana umri wa kutosha na amejisajili, au ni msimamizi. Michezo ya kompyuta yenye picha za pande tatu inadai hesabu za vekta. Kufundisha mashine kutambua picha au lugha kunadai uwezekano na takwimu. Hayo utayakuta baadaye, na wengi huyakuta wakiwa na sababu ya kuyataka, jambo ambalo shuleni halikuwapo.

Kabla hujaapa kabisa, jaribu kitu kimoja. Tafuta namba kubwa kuliko zote inayogawanya 1071 na 462 bila baki. Shuleni ulifundishwa kuvunja kila namba katika vigawe vyake, na ndipo ulipochoka. Euklide, yapata miaka 300 kabla ya Kristo, aliandika njia fupi. Gawanya kubwa kwa ndogo ubaki na 147. Kisha gawanya 462 kwa 147, linabaki 21. Kisha 147 kwa 21, hakibaki kitu. Jibu ni 21. Ni kitendo kimoja kinachorudiwa mpaka baki liwe sifuri, na kwa Python kinaingia katika mistari isiyozidi mitano. Zaidi ya miaka 2,000 imepita na kompyuta bado zinakitumia. Kama umekifuata hapo juu bila kuhema, hesabu uliyoikimbia huenda ilikuwa ile ya kukariri.

SWALI: Nianze na lugha gani? Kaka yangu anasema Python ni ya watoto, rafiki yangu anasema JavaScript, na mtu mmoja kazini anasema asiyejua C si mwanaprogramu. — Katikati ya Mafahali

JIBU: Python, kama huna sababu nyingine. JavaScript, kama unachotaka ni kuona kitu kikicheza kwenye kurasa za wavuti. C, kama unataka kufanya kazi karibu na mashine yenyewe: vifaa vidogo, mifumo endeshi. Huyo wa kazini mwache. C ilitengenezwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell mwanzoni mwa miaka ya 1970, Python ikatolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, na toleo la kwanza la JavaScript Brendan Eich aliliandika kwa siku 10 tu mwaka 1995. Zote tatu zinaendesha vitu vikubwa mno hadi leo. Zote zina veriabo, yaani jina unalolipa thamani. Zina masharti, zina mizunguko, yaani mistari inayorudiwa, zina fanksheni, yaani kipande cha programu ulichokipa jina ukiite unapokihitaji. Ukivijua hivyo katika moja, nyingine utajifunza kwa haraka ya kukushangaza. Kinachowamaliza wanaoanza ni kuhamahama: wiki tatu huku, wiki mbili kule, na kila mahali wanasoma sura ya kwanza.

SWALI: Mwalimu, nimeandika programu ya kujumlisha namba mbili. Nikiweka 5 na 7 inaniambia 57. Nimeifuta yote na kuiandika upya, bado 57. Nimezima kompyuta na kuiwasha. Inawezekana ina virusi? — Nimechanganyikiwa

JIBU: Kompyuta yako haina virusi, na barua yako nimeipenda kuliko zote. Wengi huandika "programu yangu haifanyi kazi" na kuishia hapo. Wewe umeniambia umeweka nini, ulitarajia nini na umepata nini. Kwa taarifa hizo tatu mtu anaweza kukusaidia akiwa upande wa pili wa dunia.

Sasa acha kufuta. Ukifuta programu yenye kosa umefuta na ushahidi, na ukiiandika upya kwa mawazo yaleyale utalirudisha kosa lilelile, kama ulivyoona. Badala yake jiulize: ili mtu mwenye akili timamu ajibu 57, angekuwa anaamini nini? Angekuwa anaamini kwamba 5 na 7 ni alama za kuandikwa, na kwamba ameombwa aziunganishe. Ndivyo ilivyo. Katika Python, input hurudisha maandishi siku zote, hata mtu akichapa tarakimu. Na alama ya + ikikaa kati ya maandishi mawili huyagundisha. Ukitaka kuhakikisha, ongeza mstari wa print(type(a)) baada ya kupokea namba ya kwanza, nayo itakujibu kwamba ni str, yaani maandishi. Sasa funika input zote mbili kwa int, inayogeuza maandishi kuwa namba nzima, kama nilivyofanya kwenye mwaka hapo juu, na utapata 12.

Tabia ya kuweka print katikati ili uone programu imeshika nini wakati ule itakufaa kwa miaka yako yote. Kuna zana za kisasa zaidi za kufanya hivyo, nami ninazo, lakini nikiwa na haraka natumia print. Badilisha kitu kimoja, endesha, tazama. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo na programu ikapona, hujui kilichoiponya. Ikizidi kuharibika, hujui kilichoiharibu.

Nikiwa hapohapo niseme habari ya ujumbe wa makosa, kwa sababu barua nyingi zinaulalamikia. Python ikikwama hutoa ripoti ya mistari kadhaa, na mwanafunzi akiiona hushtuka na kuifunga. Isome kuanzia mstari wa mwisho. Huo unataja aina ya kosa. Mistari ya juu yake inataja namba ya mstari katika faili lako. NameError maana yake umetaja jina ambalo halijapewa thamani, na mara nyingi ni tahajia: juu uliandika jumla, chini ukaandika Jumla kwa herufi kubwa. Kwa Python hao ni watu wawili wasiojuana. Kosa la kanuni za uandishi wa lugha yenyewe (SyntaxError) likitajwa mstari wa 8 na mstari wa 8 unaonekana safi, tazama wa 7. Huenda kuna mabano yaliyofunguliwa na kusahauliwa, hasa kama unatumia toleo la zamani la Python.

Programu inayogoma kwa kelele haikutesi sana. Ile ya kuogopa ni yako ya 57, inayokupa jibu baya kwa uso mkavu. Ndiyo maana nawaambia watu waanze na namba ambazo jibu lake wanalijua.

Ukikwama kabisa, eleza programu yako kwa sauti, mstari kwa mstari, kwa mtu yeyote. Asipopatikana mtu, kuna wanaprogramu wanaoweka bata wa plastiki mezani na kumweleza yeye. Ofisini kwetu yupo mmoja. Mara nyingi mtu hufika mstari wa tatu, akanyamaza, akarudi kwenye kiti chake bila kuaga.

Msomaji mwingine ameniandikia kwamba kompyuta yake inasema 0.1 + 0.2 ni 0.30000000000000004, akauliza kama naye ana tatizo lilelile. Hapana. Kompyuta huhifadhi sehemu za namba kwa nusu, robo, thumuni na kuendelea, na moja ya kumi haiandikiki kikamilifu kwa sehemu hizo, kama ambavyo theluthi haiandikiki kikamilifu kwa desimali. Inahifadhi iliyo karibu kabisa, na ile chenga inaonekana kwenye jumla. Kwa hiyo ukiandika programu ya pesa, hesabu kwa senti nzima na usitumie nukta. Hilo limewaumiza waliobobea.

SWALI: Nimemaliza masomo ya mwanzo na sasa nataka kutengeneza mtandao wa kijamii wangu. Nimeanza mara nyingi, sifiki popote. Nigawanyeje kazi? — Mwenye Ndoto

JIBU: Weka mtandao wa kijamii pembeni kwa sasa. Hauzidi akili yako, ila una kazi nyingi zisizohusu kujifunza, na utachoka kabla hujaona kitu kikitembea. Chagua kitu ambacho toleo lake la kwanza linaweza kukamilika jioni moja.

Chukua daftari la vitabu ulivyowaazimisha watu. Wanaoanza hukaa chini wakawaza skrini nzuri, nywila, rangi. Toleo lako la kwanza lisiwe na hata kimoja cha hivyo. Liwe na vitabu viwili ulivyoviandika mwenyewe ndani ya msimbo, kila kimoja na jina la aliyekiazima, na programu ivichapishe. Basi. Iendeshe, inafanya kazi, kalale. Toleo la pili limruhusu mtu kuongeza kitabu. Utaona ukiifunga programu kila kitu kinapotea, na hapo utakuwa na sababu ya kujifunza kuhifadhi kwenye faili, ambalo ni toleo la tatu. La nne liulize jina na kuonyesha vitabu alivyonavyo huyo. La tano liruhusu kitabu kurudishwa, na hapo yataibuka maswali ambayo hukuyawaza: je, kitabu kikirudi kinafutwa au kinabaki na tarehe? Watu wawili wenye jina moja utawatofautishaje? Hakuna video itakayokujibu. Itabidi uamue, na kuamua huko ni kazi ya watu wanaolipwa.

Ona kwamba katika kila hatua una programu inayokwenda. Wengi hugawa kazi kwa kujenga robo ya kwanza, kisha robo ya pili, na mpaka robo ya nne ifike hawana cha kuendesha. Kipande kiwe kidogo lakini kiwe kizima, toka kuingiza mpaka kutoa. Mtandao wako wa kijamii ukija siku moja utaanza hivyohivyo: mtu mmoja, anaandika ujumbe mmoja, unaonekana.

SWALI: Sina kompyuta, nina simu tu. Nisubiri? — Simu Mkononi

JIBU: Usisubiri. Zipo programu za kuendesha Python ndani ya simu, na ipo mitandao inayoiendesha kwenye kivinjari bila kusakinisha chochote. Mabano na nukuu kwenye kibodi ya simu yanachosha, kwa hiyo andika programu fupi na fikra zote zimalizie kwenye karatasi. Zoezi la kuanzia: simu ichague namba kati ya 1 na 100, wewe ukisie, yenyewe ijibu "juu zaidi" au "chini zaidi". Mistari kumi na kitu. Kisha geuza: uchague wewe, ikisie yenyewe. Ikikata masafa katikati kila mara, haitahitaji kukisia zaidi ya mara 7. Kati ya 1 na milioni moja, mara 20. Kwanza lione hilo kwenye karatasi, maana ukiliona utaelewa kwa nini kompyuta hupenda orodha zilizopangwa. Ila ukianza miradi mirefu, tafuta kompyuta hata ya kuazima kwa saa chache.

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni mstaafu, nimeamua kujifunza programu ili akili isilale. Mwanangu ananicheka. Anasema siku hizi unaiambia mashine unachotaka na inakuandikia yote, kwa hiyo napoteza muda. Ana haki? — Mzee Bado Yupo

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Ana haki nusu. Mashine hizo zinaandika, na zinaandika haraka. Mimi mwenyewe nazitumia kazini, na sitakudanganya kwamba ni upuuzi. Lakini mwombe mwanao afanye jaribio hili mbele yako. Aiombe programu ya siku za Februari. Italetwa kwa sekunde chache. Kisha muulize: umejuaje kwamba ni sahihi? Akijibu kwamba amejaribu 2024, muulize habari za 1900.

Kwa mfano huo mdogo mashine pengine itapatia, kwa sababu ni tatizo maarufu. Kwa lile daftari la vitabu la msomaji wa hapo juu, haijui kama kitabu kilichorudi kifutwe au kibaki. Usipoiambia itachagua yenyewe, kimyakimya, na utakuja kugundua baada ya miezi. Kwa hiyo kazi mbili zimebaki mikononi mwa mtu: kusema kwa ukamilifu kinachotakiwa, na kukagua kilicholetwa. Zote mbili ni zilezile za karatasi na kalamu. Nikisoma programu mbovu mchana, siku hizi nyingine zimeandikwa na mashine, na mwenyewe akiulizwa mstari wa 40 unafanya nini anaangalia dari.

Ushauri kwako, na kwa wengine walioniuliza hili: katika miezi ya mwanzo andika kwanza mwenyewe, hata vibaya. Kisha ipe mashine msimbo wako uiombe ikueleze kosa bila kukuandikia jibu. Au iombe ikutajie namba za kujaribia ambazo hukuziwaza. Kwa hilo ni hodari. Kanuni yangu darasani ni kwamba hakuna kuweka kwenye programu yako mstari usioweza kuueleza. Akili isiyotaka kulala itapata kazi ya kutosha hapo.

SWALI: Nimeandika for n in range(1, 10) nikitegemea ihesabu 1 mpaka 10. Inaishia 9. Kitabu kimekosea au Python? — Kumi Iko Wapi

JIBU: Hakuna aliyekosea. range huanza na namba ya kwanza na kusimama kabla ya kuifikia ya pili. Inaudhi mwanzoni, lakini ina faida: range(0, 5) ina namba 5 kamili, huhitaji kuongeza wala kutoa moja kichwani, na range(5, 10) inaendelea pale ilipoishia bila kurudia namba wala kuruka. Mholanzi Edsger Dijkstra aliandika waraka mfupi mwaka 1982 akiutetea mpango huu wa kuhesabu, na mabishano hayajaisha. Ukitaka 10 itokee, andika range(1, 11).